Nimebakiza kozi mbili na tasnifu ya historia, na muda unanikimbia

Shikamoo Mwalimu,

Nina umri wa miaka 39, mama wa watoto wawili, na ninafanya kazi ya ofisini siku tano kwa wiki. Miaka sita iliyopita nilijiandikisha kusoma shahada ya kwanza ya historia kwa njia ya masafa. Hakuna aliyenishawishi. Tangu nikiwa mtoto nilikuwa nikiwachosha wakubwa kwa maswali ya nani aliishi hapa kabla yetu na alikwenda wapi, na nilipopata kazi na mshahara wangu mwenyewe nikasema sasa nitasoma kile ninachokipenda.

Miaka minne ya mwanzo nilikwenda vizuri. Nilisoma watoto wakishalala, nilituma kazi za kozi kwa wakati, na katika mitihani yote nilirudia mmoja tu. Leo nimebakiza kozi mbili, moja ya mbinu za utafiti wa historia na nyingine ya kuchagua, pamoja na tasnifu ya maneno 10,000. Hapo kwenye tasnifu ndipo nilipokwama, na ni mwaka na nusu sasa.

Mada yangu ni "Biashara katika Bahari ya Hindi kuanzia karne ya 10 hadi karne ya 18". Msimamizi wangu aliikubali kwa maneno, akaniambia nianze kusoma kisha tutaipunguza pamoja. Miezi michache baadaye akastaafu. Chuo hakikunipa msimamizi mwingine. Niliandika barua pepe mbili, hazikujibiwa, nikaona aibu kuandika ya tatu. Nikajiambia nitasoma kwanza hadi nielewe kila kitu, ndipo nitaandika. Nina madaftari 11 yaliyojaa. Sina hata ukurasa mmoja wa tasnifu. Kila kitabu ninachofungua kinanielekeza kwenye vingine vitatu, na nyaraka zenyewe wanazozitaja ziko kwenye hifadhi za miji ambayo sitafika.

Mwezi uliopita nilipata taarifa kwamba usajili wangu utafikia ukomo baada ya miezi 14. Tangu hapo sipati usingizi. Mume wangu si mtu mbaya, lakini ameanza kuuliza hiyo historia itatusaidia nini. Shemeji yangu amekwenda mbali zaidi, amenipatia namba ya mtu anayeandika tasnifu za watu kwa malipo, na anasema siku hizi hata huyo hahitajiki, programu ya akili mnemba itamaliza kwa usiku mmoja. Mwalimu, nitakuambia ukweli: usiku mmoja nilikaribia kukubali. Nilifungua kompyuta, nikaandika mada yangu, nikaizima kabla ya kubonyeza.

Wenzangu niliokuwa nikisoma nao mtandaoni wamekwisha hitimu. Nimejitoa kwenye kundi letu kwa sababu sikuwa na la kusema.

Niache? Nihamie chuo kingine? Na yule msimamizi wangu wa zamani, nimwandikie au nimwache apumzike?

Mwanafunzi aliyekwama

*

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nikahesabu: kozi mbili, maneno 10,000, miezi 14. Unaweza kumaliza. Ningeona haiwezekani ningekuambia hivyo hivyo, kwa sababu nimesimamia wanafunzi wa masafa kwa miaka mingi na nimejifunza kwamba kumpa mtu matumaini ya uongo ni kumwibia muda. Lakini miezi hiyo 14 inatosha tu endapo wiki hii utaandika barua moja, na mwezi huu utaiua mada uliyo nayo.

Nianze na barua. Uliandika mara mbili, hukujibiwa, ukanyamaza. Ninaelewa aibu hiyo, nimeiona kwa wengi, na kwa mwanafunzi wa masafa inauma zaidi kwa sababu hana mlango wa kugonga wala korido ya kumvizia mhadhiri. Hata hivyo ofisi ya chuo haijui kama umenyamaza kwa aibu au umeacha masomo. Kwenye mafaili yao vyote viwili vinaonekana sawa. Na ikiwa barua zako za mwanzo zilikwenda kwa anwani ya mtu aliyestaafu, huenda hakuna aliyezisoma kabisa. Safari hii iandikie ofisi ya usajili pamoja na mkuu wa idara, wote kwenye barua moja, na usimweleze mtu historia ya maisha yako. Andika hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya historia, namba ya usajili ni hii. Msimamizi wangu wa tasnifu alistaafu na sijapangiwa mwingine. Naomba kujulishwa kwa maandishi: tarehe kamili ya ukomo wa usajili wangu, kozi zilizobaki na muhula ambao zitafundishwa, kama kozi nilizofaulu mwanzoni bado zinahesabika, utaratibu wa kuomba kuongezewa muda, na jina la msimamizi mpya. Naambatanisha matokeo yangu yote hadi sasa."

Hilo swali la kozi za zamani usiliache. Vipo vyuo ambavyo kozi iliyofaulishwa miaka mingi nyuma hupoteza uhai wake, na afadhali ulijue leo kuliko siku unayoomba kuhitimu. La muhula nalo ni hivyo hivyo. Nimewahi kuona mwanafunzi aliyekamilisha tasnifu yake vizuri kabisa akasubiri mwaka mzima kwa ajili ya kozi moja ya kuchagua iliyokuwa haifundishwi muhula ule. Wewe ingiza zote mbili kwenye muhula wa kwanza unaopatikana. Baada ya siku saba za kazi bila jibu, piga simu. Mtu akikupa jibu kwa mdomo, mwandikie siku hiyo hiyo: "Kama tulivyozungumza leo, umenieleza kwamba..." Utunze kila kitu kwenye faili moja. Ikifika siku ya kuomba nyongeza ya muda, faili hilo ndilo litakalokusemea: litaonyesha kwamba ulikosa msimamizi, na kwamba ulimtafuta.

Kuhamia chuo kingine, sikushauri. Vyuo vingi havitoi shahada yao mpaka sehemu kubwa ya kozi iwe imesomwa kwao, na wewe umebakiza kidogo sana. Ungehama ungerudia mengi uliyokwisha kuyalipia kwa usingizi wako.

Sasa tasnifu. Karne ya 10 hadi ya 18 ni miaka 900. Bahari yenyewe inagusa Afrika, Arabuni, Uajemi, Bara Hindi, visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Wanazuoni waliobobea, wenye lugha nne na miaka thelathini ya kazi, huichukua mada kama hiyo na bado husema wamegusa ukingo tu. Ndiyo maana kila kitabu kinakupeleka kwenye vingine vitatu: hujaweka ukuta wowote wa kukuambia kipi si chako. Unadhani tatizo ni kwamba hujasoma vya kutosha. Mimi naona umesoma kwa ajili ya tasnifu ambayo hakuna mtu angeweza kuiandika. Mtaka yote hukosa yote, na kwenye utafiti msemo huu hauna msamaha.

Utaipunguza vipi? Watu wengi hupunguza miaka peke yake. Mimi hupunguza kwa kuanzia na vyanzo: nina nini mkononi, ninachoweza kukisoma chote, mstari kwa mstari, kisha niulize swali ambalo vyanzo hivyo vinaweza kulijibu. Nitakupa mfano kutoka ndani ya mada yako, uone jinsi unavyofanyika.

Chukua bandari moja, Calicut, pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi. Ibn Battuta, msafiri Mwarabu wa Morocco, alifika pale miaka ya 1340, akakuta merikebu 13 za Wachina zimetia nanga zikisubiri msimu wa safari. Ma Huan, mkalimani Mwislamu aliyesafiri na misafara ya Zheng He, amiri wa meli za China, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, aliieleza bandari hiyo hiyo kwa undani, pamoja na namna dalali, wachuuzi na maofisa walivyokaa kupanga bei, na kwamba wakishashikana mikono bei haibadilishwi tena, iwe imepanda au imeshuka. Mei 1498 zikafika merikebu za Mreno Vasco da Gama, na mtu mmoja aliyekuwamo safarini, ambaye jina lake halijulikani kwa hakika, akaacha shajara. Humo anasimulia jinsi zawadi zao kwa mfalme, nguo, kofia, marijani, mabeseni ya kunawia, sukari, mafuta na asali, zilivyochekwa na maofisa waliokuja kuzikagua.

Wageni watatu, bandari moja, takriban miaka 150. Swali: kila mmoja wao anasema mfanyabiashara mgeni alilindwa na nini pale Calicut? Na anasema hivyo kwa sababu alikuwa nani? Maneno 10,000 yanalitosha swali hili na huenda yasitoshe. Bado umo ndani ya Bahari ya Hindi, bado umo ndani ya biashara, na nina hakika kurasa nyingi za madaftari yako 11 zitapata kazi.

Na tazama vyanzo vyenyewe viko wapi. Nakala ya mkono ya ile shajara iko Porto, Ureno, lakini tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1898 na imekwisha toka kwenye haki miliki. Unaisoma bure kwenye Internet Archive, maktaba huru ya mtandaoni. Ibn Battuta na Ma Huan nao wametafsiriwa, na maktaba ya chuo chako inaweza kuwa nazo. Kwa makala za wanazuoni, jaribu kwanza kuingia kwa namba yako ya mwanafunzi, maana wanafunzi wengi wa masafa hulipia maktaba ya mtandaoni miaka yote bila kuifungua. Ukishindwa, JSTOR, hazina ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, humruhusu mtu binafsi aliyejisajili kusoma hadi makala 100 kwa mwezi bila malipo. Kwenye utangulizi wa tasnifu useme wazi kwamba umetumia tafsiri, utaje ni zipi, na ueleze hilo linakubana wapi. Mtahini hatakukata alama kwa kutojua Kiarabu cha karne ya 14. Atakukata ukijifanya unakijua.

Usione kama kufanya kazi na vyanzo vitatu ni kujishusha. Mwaka 1440 mwanazuoni Mwitalia Lorenzo Valla alishika waraka mmoja tu, ule uliodai kwamba mfalme wa Roma Constantine alimkabidhi papa utawala wa nchi za magharibi, akauhoji maneno yake. Kilatini cha waraka huo hakikuwa cha karne ya 4, alipoishi Constantine. Vyeo vilivyotajwa humo, kama vile maliwali wa Kiajemi kuwekwa Roma, havikuwa vya Warumi wa wakati ule. Waraka mmoja, ukasomwa na mtu asiye na haraka, na madai yaliyosimama kwa karne kadhaa yakaanguka. Kazi yako ni ya ukubwa mwingine, lakini aina ya kazi ni ile ile. Hivyo muulize kila mmoja wa mashahidi wako watatu: uliandika lini baada ya kuona? Ulimwandikia nani? Ulitaka nini kwake? Ibn Battuta, kwa mfano, alisimulia kwa kumbukumbu na mtu mwingine, Ibn Juzayy, ndiye aliyeandika, kazi ikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka kumi baada ya kuiona Calicut. Hapo peke yake una kurasa mbili za tasnifu.

Kama mfano huu haukugusi, usiuchukue kwa sababu tu nimeusema mimi. Fungua madaftari yako na utafute mahali uliposoma ukasahau kulala. Anzia hapo, kisha fanya kazi ile ile ya kupunguza. Msimamizi mpya atakapopatikana, mpelekee ukurasa mmoja: swali, vyanzo, sehemu nne au tano za tasnifu. Usimpelekee mada na ombi la msaada. Msimamizi aliyepangiwa wanafunzi wengi kwa ghafla humjibu haraka yule aliyemletea kitu cha kusahihisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda litakuumiza kidogo. Hayo madaftari 11 yamekuwa mahali pa kujificha. Kusoma ni kutamu na hakuna anayekukosoa unaposoma. Kuandika ndiko kunakokuweka wazi, na wewe umekaa mwaka na nusu bila mtu wa kukuambia "hapa pazuri, hapa rekebisha", kwa hiyo hofu imekua yenyewe. Mwanahistoria Mfaransa Fernand Braudel alitekwa vitani mwaka 1940 akakaa mfungwa nchini Ujerumani miaka mitano. Alikuwa amekusanya nyaraka kwa miaka mingi juu ya Bahari ya Mediterania, na sasa hana hata moja mbele yake. Aliandika rasimu za kazi yake kwenye madaftari ya shule, kwa sehemu kubwa kutoka kichwani, akawa anayatuma kwa mwalimu wake Lucien Febvre. Baada ya vita alirudi kuhakiki, akaitetea kama tasnifu mwaka 1947, na kitabu kikatoka mwaka 1949. Sikuambii uige mateso yake, wala sisemi mtu aandike historia bila vyanzo. Nataka uone mpangilio: alikusanya, akaandika kwa alichokuwa nacho, kisha akahakiki. Wewe umekusanya. Hatua inayofuata haihitaji kitabu cha ziada.

Kwa hiyo panga vikao vinne kwa wiki, kila kimoja kiwe na maneno 250. Wiki moja ni maneno 1,000. Wiki kumi ni rasimu nzima, mbovu, yenye mapengo, na iliyopo. Anza na sehemu unayoijua vizuri zaidi, uache utangulizi mwisho, kwa sababu huwezi kumkaribisha msomaji kwenye nyumba ambayo hujaijenga. Kila unapotumia neno la mtu, andika tanbihi palepale, pamoja na ukurasa. Nakusihi katika hili. Nimeona wanafunzi wazuri wakipoteza mwezi mzima wa mwisho wakisaka ukurasa ambao sentensi fulani ilitoka, na nimeona wengine wakiitwa mbele ya kamati kwa wizi wa maandishi ambao kwa kweli ulikuwa uzembe wa daftari: walinakili neno kwa neno bila kuweka alama za kunukuu, miezi sita baadaye wakadhani ni maneno yao. Pitia yale madaftari 11 ukiwa na kalamu nyekundu, na kila pale usipokuwa na uhakika kama ni maneno yako, weka alama.

Kozi ya mbinu za utafiti ichukue wakati mmoja na rasimu. Muulize mwalimu wa kozi kama kazi utakazoandika zinaweza kuhusu mada ya tasnifu yako. Wengi hukubali kwa furaha. Ila usiwasilishe maandishi yale yale mara mbili bila ruhusa, maana vyuo vingi huhesabu hilo kuwa kosa.

Rasimu ikikamilika utakuwa bado na miezi ya kutosha kuirekebisha na msimamizi. Marekebisho ndiyo kazi ndefu kuliko zote, nawe uyatengee nusu ya muda wako uliobaki. Wengi hutenga wiki mbili.

Kuhusu yule mwandishi wa kulipwa. Nilipofika pale ulipoandika kwamba ulizima kompyuta kabla ya kubonyeza, nilifurahi. Hukuwa na msimamizi, hukuwa na kundi, hukuwa na usingizi, na bado ulikataa. Shemeji yako anakutakia mema, lakini hajui anachokupendekezea. Anayekuandikia leo kwa malipo ana jina lako na kosa lako mkononi, na anaweza kurudi kesho kudai zaidi. Chuo kikigundua, hata miaka mingi baadaye, kinaweza kukuvua shahada. Akili mnemba nayo ina hatari ambayo kwenye historia ni mbaya zaidi: hutunga vyanzo. Inakupa jina la mwandishi, kichwa cha makala, mwaka na ukurasa, vyote vimepangwa vizuri, na makala hiyo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mtahini anayeijua bandari ile atatafuta tanbihi mbili, azikose, na hapo mjadala umekwisha. Ukitaka kuitumia kurekebisha tahajia au kukupa orodha ya maneno ya kutafutia, soma kwanza kanuni za chuo chako, kisha ueleze ulivyoitumia. Lakini swali lako na sentensi zako ziwe zako. Wewe mwenyewe ulisema ulijiandikisha kusoma kile unachokipenda. Usimlipe mtu akipende kwa niaba yako.

Mumeo anauliza historia itawasaidia nini. Sidhani anaidharau. Naona amekuona umechoka kwa miaka sita na haoni mwisho, na mtu asiyeona mwisho huuliza maswali ya namna hiyo. Mpe mwisho auone. Andika kwenye karatasi moja tarehe ya rasimu, tarehe za mitihani, tarehe ya kuwasilisha, ukae naye muipange pamoja, na umwombe saa mahususi: vikao vile vinne, watoto wakiwa mikononi mwake. Akitaka jibu la kazi na mshahara, mwambie kwamba waajiri wengi huomba shahada bila kujali somo, na kwamba mtu aliyezoea kusoma maelezo matatu yanayopingana akatoa hukumu yenye ushahidi ana la kufanya ofisini, mahakamani, kwenye uandishi wa habari, kwenye hifadhi za nyaraka na darasani. Kuhusu kusoma kwa masafa, usiinamishe kichwa. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watu wasiohudhuria vyuo vyake. Nelson Mandela alifukuzwa kwenye chuo chake cha kwanza akamalizia shahada yake ya kwanza kwa njia ya posta kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, na kuhitimu mwaka 1943. Kinachotakiwa ni chuo chako kiwe kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yake.

Rudi kwenye kundi lenu. Andika sentensi moja: "Nimerudi, naandika tasnifu, nani atakubali nimtumie maneno 1,000 kila Ijumaa?" Si lazima akusahihishe. Inatosha kuwepo mtu anayejua kwamba Ijumaa imefika. Wewe unadhani waliohitimu watakucheka, ilhali hao ndio wanaojua vizuri kuliko mtu yeyote usiku wa saa nane unafananaje.

Na msimamizi wako wa zamani, mwandikie. Usimwombe akusimamie, hiyo kazi ameshaiweka chini, na wala usimlaumu. Mwambie kwamba mada aliyosema mtaipunguza pamoja sasa umeipunguza, na umtajie swali lako jipya kwa sentensi moja. Akijibu, shukuru. Akikaa kimya, rasimu ikikamilika mtumie nakala.